Kisiwa kizima cha kukodi: ziwa letu limekosa nini?

#1 Shemeji_Mamboleo
Wadau, salamu. Huku kazini tumebishana wiki nzima na hakuna aliyekubali kushindwa, kwa hivyo naleta kesi hapa.

Kuna yule tajiri Mwingereza, Richard Branson. Ana kisiwa chake kinaitwa Necker, kule Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Karibi. Alikinunua mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni kama ekari 74 tu, shamba la mtu mmoja kule Trans Nzoia. Ukitaka kukikodi chote leo, wewe na watu wako, bei inapita dola 100,000 kwa usiku mmoja. Nimebadilisha kwa shilingi nikapata karibu milioni 13. Na watu wanalipa, tena wanapanga foleni.

Sasa nirudi nyumbani. Upande wetu wa Ziwa Victoria tuna Mfangano, Rusinga, Takawiri, Mageta, Ndere, Ringiti, Remba na vingine ambavyo sijui hata majina. Jua lipo mwaka mzima. Samaki wapo. Kwa nini hakuna hata kimoja ambacho mtu anaweza kupiga simu akasema, nakitaka chote, Ijumaa hadi Jumapili, na asionekane mtu mwingine?

Msimamo wangu: ni uoga wa matajiri wetu. Akipata pesa anajenga fleti za kupangisha Riat au Milimani hapa Kisumu, basi. Kisiwa hakiwaingii akilini. Nipingeni.

#2 JaDunga
Omera, umewahi kulala Remba? Pale ukikodi kisiwa kizima unakodi mabati. Nyumba zimebanana hadi jirani akikohoa wewe ndiye unayeambiwa pole.

#3 MamaOmena
Shemeji, umeorodhesha visiwa kana kwamba ni vyumba vitupu vinavyosubiri mpangaji. Mfangano ina shule, zahanati, makanisa, soko, chifu. Sena pale ni mji. Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, na ina daraja kabisa kutoka Mbita, matatu zinapita. Nani atawaambia watu hao wahame wikendi kwa sababu kuna mtu anataka kuoga peke yake?

Hiyo Necker ilipouzwa haikuwa na wenyeji. Ndiyo tofauti, na kwangu mjadala umeishia hapo.

#4 Shemeji_Mamboleo
Haujaishia hapo mama. Sijasema Mfangano yote. Takawiri ni ndogo na ina mchanga mweupe ambao watu wa Pwani wanadhani ni wao pekee wenye nao. Na viko visiwa vidogo zaidi visivyo na mtu.

#5 Mpimaji_Mstaafu
Nimefanya kazi ya kupima ardhi miaka mingi, pamoja na mipaka ya kando ya ziwa. Niseme machache ya sheria kabla watu hawajaanza kuuza visiwa humu.

Kwanza, Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema maziwa na mito ni ardhi ya umma. Ziwa lenyewe halinunuliki. Unaweza kuwa na hati ya ardhi iliyo kisiwani, lakini maji yanayokizunguka si yako. Mvuvi akipita na ngalawa yake mita chache kutoka kwenye kitanda cha mgeni wako, huna la kumfanya.

Pili, kifungu cha 65. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na muda wa juu kabisa ni miaka 99. Na msidhani atajificha nyuma ya kampuni: kampuni inahesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia.

Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, ardhi nyingi ya visiwani ni ya kilimo, ina wenyewe kwa familia. Kuuza kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi ya eneo, na idhini ya mke au mume. Kisiwa cha ekari 70 kinaweza kuwa na hati thelathini, na nusu yake ziko kwa majina ya mababu waliokufa bila urithi kushughulikiwa. Mwekezaji akiona faili hilo anafunga mkoba.

#6 JaDunga
Idhini ya mke! Hapo ndipo biashara nyingi za Nyanza zimezama, hata mawimbi hayakuhitajika.

#7 Mulembe_Shinyalu
Mulembe. Swali kwa Mpimaji: Tanzania nao hawauzi ardhi kwa wageni, na bado wana visiwa vya kukodi. Sasa sheria inazuia nini?

#8 Mpimaji_Mstaafu
Swali zuri, asante. Tanzania ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini. Kwa hivyo ukisikia "kisiwa binafsi" Tanzania, elewa ni haki ya kutumia kwa muda. Mnemba kule Zanzibar, hoteli imekodi kutoka serikalini. Maldives ni vivyo hivyo: serikali hukodisha visiwa visivyo na wakazi, kisiwa kimoja hoteli moja, na walianza na Kurumba mwaka 1972. Umiliki kamili kama wa Branson ni wa nchi chache.

Sijasema sheria inazuia. Nimesema kwetu inachosha. Maldives mwekezaji anaongea na serikali moja. Ziwani anaongea na ukoo.

#9 Mpishi_wa_Zamu
Mimi nimepika kwenye kisiwa cha aina hiyo, upande wa bahari, sitataja jina. Wengi hapa mnafikiri pesa ni ya mchanga na mnazi. Ngoja niwaambie pesa inaenda wapi.

Kila kitu kinakuja kwa boti. Yai, kitunguu, gesi, dizeli, karatasi ya chooni, barafu. Na kila taka inarudi kwa boti, hata chupa. Siku maji yamekupwa, boti haifiki ufuoni, basi mnashuka kwenye matope mnabeba kreti za mboga kichwani, na huku mgeni ameketi na miwani ya jua anaona ni burudani ameandaliwa.

Maji ya kunywa na kuoga yanatokana na bahari, yanasukumwa kwenye mtambo wa kuchuja chumvi, na mtambo huo unakula umeme kama hauna adabu. Umeme unatoka kwa jenereta na sola. Jenereta ikizima saa mbili usiku, friji ina kamba wa thamani ya mshahara wangu wa miezi kadhaa.

Wafanyakazi ni wengi kuliko wageni. Tulikuwa tunalala upande wa nyuma, kuna ua wa miti umepandwa makusudi tusionekane. Mgeni akikodi kisiwa kizima hana menyu. Wiki kadhaa kabla mnaletewa karatasi: huyu hali njugu, yule anataka maziwa ya mlozi, mtoto anakula tambi nyeupe tu. Kisha anafika anasema leo najisikia kula kitu kingine. Na ni lazima kiwepo. Unaweka akiba ya vitu ambavyo huenda visiguswe, vikiharibika unatupa, na bei ya kutupa iko ndani ya ile bei mnayoshangaa.

Halafu kuna wiki za ukimya. Hakuna mgeni, lakini sisi bado tunalipwa, boti zinapakwa rangi, chumvi inakula bawaba za milango. Mwenye kisiwa anatoza usiku mmoja ili alipie usiku ambao hakuna mtu.

#10 Shemeji_Mamboleo
Mpishi, asante, hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Lakini umenisaidia mimi! Ziwa letu ni maji baridi. Mtambo wa chumvi hauhitajiki. Basi kwetu ingekuwa nafuu.

#11 Fundi_Pampu
Nafuu kidogo tu. Mimi naweka na kurekebisha pampu za kando ya ziwa, Asembo hadi Mbita. Maji si ya chumvi lakini yana matope, mwani wa kijani, na gugu maji likija linaziba mdomo wa bomba hadi pampu inaungua. Bado utachuja, utatia dawa, utaua vijidudu. Ukiwa Takawiri na kipuri kiko Kisumu, siku imekwisha.

Kwenye dizeli Mpishi yuko sawa kabisa. Kuna kisiwa cha Tetiaroa, karibu na Tahiti, kilichokuwa cha mwigizaji Marlon Brando, hoteli yake ilifunguliwa 2014. Pale wanavuta maji ya baridi kutoka kina kirefu cha bahari kupoza vyumba, ili wasichome dizeli kwa ajili ya viyoyozi. Hiyo ndiyo akili. Ziwa Victoria huwezi kuiga, kina chake cha juu ni kama mita 80 na maji ni vuguvugu hadi chini. Kwa hiyo ni sola na betri, au feni na dirisha wazi.

#12 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku
Mmezunguka mbuyu. Tatizo ni kichocho na malaria.

Mtu anayelipa kisiwa anataka kuingia majini. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani hapo hapo pazuri pa kuogelea. Prazikwanteli inatibu vizuri, haina shida, lakini hebu andika kwenye tangazo: "Karibu peponi, utapewa na vidonge." Na malaria, eneo la ziwa ndilo lenye maambukizi ya juu kuliko pote Kenya. Ushelisheli hakuna malaria. Maldives walithibitishwa mwaka 2015 kwamba wameimaliza. Mtu na watoto wake wadogo na hela zake atachagua wapi?

#13 Mulembe_Shinyalu
Nesi, nakuheshimu ila Ziwa Malawi lina kichocho na malaria pia, na watalii wanalala Likoma na Mumbo bila kulalamika. Mumbo ni kisiwa kidogo, mahema machache tu, hakuna kijiji.

Na Shemeji amesema ziwani hakuna kabisa. Kuna! Upande wa Uganda kuna Bulago, karibu na Entebbe, ni cha watu binafsi na kina hoteli. Ziwa Tanganyika kuna Lupita, karibu na Kipili, kisiwa kizima ni hoteli. Kwa hivyo maziwa si tatizo. Tatizo ni huku kwetu tu.

#14 Shemeji_Mamboleo
Bulago sikuijua. Basi hoja yangu imepata nguvu: ziwa ni lile lile, maji ni yale yale, konokono ni ndugu. Nesi atuambie kwa nini konokono wa Uganda wana huruma.

#15 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku
Hawana huruma. Visiwa vya mbali vyenye mawe na mawimbi makali vina konokono wachache kuliko ghuba. Sisi tuko kwenye ghuba. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, imefungwa, inapokea maji machafu ya mji mzima wa Kisumu na mito yenye mbolea. Usichanganye.

#16 JaDunga
Kumbe sisi tuko kwenye ndoo.

#17 NakuruKwetu
Chamgei. Mnasahau kaunti yetu. Naivasha kuna Crescent Island, ni mali ya watu binafsi tangu zamani, unalipa kiingilio unatembea kwa miguu katikati ya twiga na nyumbu. Hakuna simba. Kwa hivyo Kenya bara kisiwa binafsi kipo, na kinalipa.

#18 Mpimaji_Mstaafu
NakuruKwetu, kile ni ukingo wa kreta ya zamani. Maji yakipungua kinaungana na nchi kavu, unaingia kwa gari. Maji yakipanda kinakuwa kisiwa. Na unalipa kiingilio kama kila mtu. Haukodi peke yako.

#19 NakuruKwetu
Haya, ni kisiwa cha msimu. Lakini sasa hivi maji yako juu, kwa hivyo leo nimeshinda.

#20 Kobe_wa_Homabay
Ndere mbona hamuijadili? Iko karibu na Kisumu, haina wakazi, ina swala na viboko, ni kimya. Ukubwa wake ni kilomita nne za mraba na ushee.

#21 Mulembe_Shinyalu
Ndere ni hifadhi ya taifa tangu 1986. Iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Hiyo ni yetu sote, usiiguse.

#22 Kobe_wa_Homabay
Sijasema iuzwe. Lakini kisiwa cha Thanda kule karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, ambacho kinakodishwa kizima na nyumba moja kubwa ya vyumba vitano, nacho kimo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari. Kwa hivyo hifadhi na kukodisha vinaweza kukaa pamoja. Mgeni analipa, matumbawe yanalindwa, askari wa doria wanapata mshahara. Ndere pesa inatoka wapi? Kwa wanafunzi wanaokuja mara moja kwa muhula?

#23 MamaOmena
Na hapo ndipo ninapokataa, Kobe. Ukishasema "eneo la hifadhi la mgeni", mvuvi anakuwa mwizi. Nimekulia Rusinga. Kisiwa kidogo ambacho nyinyi mnakiona kitupu, wavuvi wanakijua kila jiwe. Pale wanakimbilia upepo ukigeuka, pale wanaanika omena (dagaa), pale wanapumzisha nyavu, wengine wanapiga kambi miezi kadhaa wakifuata samaki kisha wanaondoka. Ukipita siku wameondoka unaandika "hakina mtu".

Kila ufuo una kamati yake, BMU, ina mwenyekiti na daftari. Nani aliwauliza? Huko Mnemba nako wavuvi wa vijiji vya ng'ambo wana maneno yao juu ya nani anaruhusiwa wapi. Kimya mnachotaka kuuza kuna mtu anatolewa ili kipatikane.

#24 Mpishi_wa_Zamu
Mama anasema kweli. Kule nilikokuwa, boti ya wavuvi ikisogea karibu, meneja alikuwa anatuma mtu aende awaombe wasogee mbali "kwa sababu ya picha". Walikuwa wanasogea, kisha wanarudi. Tulikuwa tunanunua samaki kwao jioni. Kwa siri, kwa sababu karatasi ilisema samaki atoke kwa msambazaji mwenye cheti.

#25 Mswahili_Likoni
Naingilia kutoka Pwani, nimeoa Kisumu kwa hivyo nina haki nusu.

Kisiwa cha Chale, kusini ya Diani, ni mfano mwafaka. Hoteli iko upande mmoja, na upande mwingine ni msitu wa kaya, mahali patakatifu pa Wadigo. Maji yakijaa unavuka kwa boti, yakikupwa trekta linakuvusha juu ya mchanga na mabegi yako. Mgeni anaambiwa kuna upande hauendi hovyo. Na hoteli imekaa miaka yote hiyo. Kwa hivyo kuishi pamoja inawezekana, mkikubaliana mapema nani ana nini.

Ila kukodi chote peke yako, hapana. Kaya haikodishwi.

#26 JaDunga
Mfangano nako kuna michoro ya kale kwenye miamba, Mawanga na Kwitone, Wasuba wanaiheshimu. Mgeni akikodi kisiwa, na mizimu inaingia kwenye risiti?

#27 Mfanyabiashara_Kibuye
Nyote mnaongea mambo makubwa. Mimi nasema usalama. Injini za boti zinaibiwa usiku ziwani, mnajua. Migingo, kajiwe kadogo vile, kalituletea mzozo na Uganda hadi polisi wao wakapeperusha bendera. Tajiri wa dunia atalala wapi kwa amani? Atataka walinzi wake, boti yake ya kasi, na mtu wa kumuuliza huyu polisi ni wa nchi gani.

#28 Kobe_wa_Homabay
Migingo iko mbali na Takawiri, na mzozo ni wa samaki, mbuta. Mtalii hana nyavu. Hiyo ni hofu ya kwenye redio.

#29 Mfanyabiashara_Kibuye
Hofu ya kwenye redio ndiyo inayosomwa na mtu wa London kabla hajalipa.

#30 JaDunga
Tukishataja mbuta, bei imepanda tena ama ni mimi tu naibiwa? Dunga juzi niliambiwa bei nikadhani ni ya boti.

#31 MamaOmena
Ni kweli imepanda, viwanda vinachukua yote. Sisi tumebakiwa na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta. Kula omena, ina mifupa mizuri.

#32 Fundi_Pampu
Turudi. Kuna jambo hakuna aliyeligusa: wadudu. Wale vijidudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, hasa mwezi ukiandama. Niliwahi kuwa kwenye hoteli moja ya ziwani, naweka tangi, wakaja jioni. Taa zote zilizimwa, wageni wakala gizani, na bado supu ilikuwa na nyongeza. Hao hawaumi, hawana ugonjwa, lakini jaribu kumwambia mtu aliyelipa milioni 13 kwamba ni protini.

Na upepo. Asubuhi ziwa limetulia. Kuanzia mchana upepo unageuka unatoka ziwani, mawimbi yanasimama. Usiku radi. Mgeni akitaka kuondoka saa kumi jioni kuwahi ndege ya Kisumu, nahodha mwenye akili anakataa.

#33 Shemeji_Mamboleo
Fundi, radi na upepo haviko ziwani tu. Ile Necker nyumba kubwa iliungua Agosti 2011 kwa radi, usiku, wageni wakiwa ndani. Mwigizaji Kate Winslet alikuwa miongoni mwao, ndiye aliyemsaidia mama yake Branson kutoka, bibi wa miaka themanini na saba. Ikajengwa upya. Septemba 2017 kimbunga Irma kikaja kikafagia tena. Ikajengwa tena. Kwa hiyo hali ya hewa si sababu. Sababu ni kwamba mwenzetu ana mfuko wa kujenga mara tatu, na bima.

#34 Mulembe_Shinyalu
Hapo umeiua hoja yako ya uoga, Shemeji. Anayejenga mara tatu amepata faida kwingine. Ana ndege, ana mambo mengi ya biashara. Kisiwa ni tangazo lake. Kila gazeti likiandika kuhusu kisiwa linaandika kuhusu yeye. Fregate au North Island kule Ushelisheli, nyumba chache, watu mashuhuri. William na Kate walipokwenda fungate North Island mwaka 2011, kisiwa hakikuhitaji bango tena. Sisi tukijenga Takawiri nani atakuja fungate awe tangazo letu?

#35 JaDunga
Mbunge wetu. Na hatalipa.

#36 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku
😂 Na atakuja na watu sitini.

#37 Kinyozi_Nyalenda
Mimi nimepiga hesabu mnaipuuza. Dola 100,000 mkiwa watu 40 ni dola 2,500 kwa mtu kwa usiku. Ni nyingi bado, lakini si wazimu kama ilivyoandikwa pale juu. Watu wanaokodi kisiwa kizima si bwana na bibi wawili. Ni familia tatu, au kampuni, au mtu anafikisha miaka sitini. Sasa chukua harusi ya Kisumu. Kamati, hema, mapambo, chakula cha watu mia tano, magari, mpiga picha. Hizo hela zingetosha kisiwa kidogo kwa watu thelathini. Lakini nani Kisumu ataoa na watu thelathini? Wajomba pekee wanajaza boti.

Hapa ndipo naona jibu. Starehe yetu ni watu. Bidhaa yenyewe ya kisiwa ni kutokuwa na watu. Soko la nyumbani halipo, na bila soko la nyumbani unategemea wageni wa nje pekee, wakikohoa kule wewe unafunga, kama 2020.

#38 Shemeji_Mamboleo
Kinyozi, hii ni kali. Lakini vijana wa sasa wanataka utulivu. Angalia nyumba za kupangisha wikendi zilivyojaa Naivasha.

#39 Kinyozi_Nyalenda
Wanataka utulivu wa watu kumi na spika.

#40 NakuruKwetu
Tukitaja 2020 na Naivasha, nina swali kwa Mpimaji. Mwaka ule maji ya Naivasha yalipanda yakaingia nyumbani kwa watu Kihoto, watu walikuwa wanatoka kwa boti. Baringo nako visiwa vilipungua, hoteli zikazama. Ziwa Victoria Mei 2020 lilivunja rekodi ya 1964. Je, nikikodi kisiwa cha ekari kumi kwa miaka 99, maji yakapanda nikabaki na ekari saba, kodi inapungua?

#41 Mpimaji_Mstaafu
Inategemea mkataba ulivyoandikwa, na mawakili wachache wanaandika hilo. Ninachojua kazini ni kwamba watu hujenga wakiangalia maji ya siku waliyonunua. Ukipima kando ya ziwa, uliza wazee maji yalifika wapi miaka ya 1960. Wanakuonyesha mti. Jenga juu ya mti.

#42 Kobe_wa_Homabay
Mzee, wengi wanajenga chini ya mti kwa sababu ndipo penye mandhari.

#43 Mpishi_wa_Zamu
Na ndipo mgeni anapotaka kitanda chake kiwe. Hakuna anayelipa kulala mlimani kisiwani.

#44 MamaOmena
Mlimani ndiko kuliko baridi na hakuna mbu wengi. Mfangano kuna mlima mzuri sana, wenyeji wanajua. Lakini tayari nimeanza kuwapa siri bure.

Shemeji, kama unataka kwenda na watu wako wa kazini, nenda Takawiri ulale kwa heshima, nunua samaki kwa wanawake wa ufuoni, panda boti Mbita asubuhi kabla upepo haujageuka, na vaeni jaketi za kuokoa maisha hata mkichekwa. Hamtakuwa peke yenu. Watoto watakuja kuwaangalia mkila.

#45 Fundi_Pampu
Mimi bado nina wazo. Kama mnaogopa kichocho, chimba bwawa la kuogelea kisiwani, maji ya ziwa yapite kwenye kichujio cha mchanga, tia klorini, mwisho. Pampu ndogo ya sola inatosha. Nimeshapiga hesabu ya mabomba, si ya kutisha.

#46 Nesi_wa_Zamu_ya_Usiku
Klorini itaua, sawa. Lakini mtu akodi kisiwa katikati ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kisha aogelee kwenye saruji? Si angebaki Milimani?

#47 Fundi_Pampu
Necker wenyewe wana mabwawa ya kuogelea, na bahari iko hatua chache. Endelea kubisha, dada.